Kabumbu ya akina mama: TP Mazembe ilichukua kombe la Afrika, lakini mabinti wa Kivu watapitia wapi?

Mabinti wa TP Mazembe ya Lubumbashi walinyanyua kombe la Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake. Ilikuwa tarehe 23 Novemba 2024, katika mji wa El Jadida nchini Morocco. Waliwashinda AS FAR ya Rabat bao 1-0, mbele ya mashabiki wa wenyeji. Hakuna klabu nyingine ya Congo iliyokuwa imechukua kombe hilo, wala klabu yoyote ya kanda ya Afrika ya Kati.

Miezi minane hivi baadaye, Julai 2025, mabinti wa Congo walirudi Morocco, safari hii wakivaa jezi ya timu ya taifa kwa ajili ya Kombe la Afrika la mataifa. Walicheza mechi tatu, wakapoteza zote tatu: 4-0 dhidi ya Senegal, 4-2 dhidi ya Morocco, 1-0 dhidi ya Zambia. Walifunga mabao mawili, wakafungwa tisa, wakarudi nyumbani bila pointi hata moja.

Katika muda usiotimia mwaka mmoja, nchi moja imekuwa bingwa wa klabu na ya mwisho katika kundi lake. Wengi walisema ni bahati mbaya, wengine wakamlaumu kocha. Ukizitazama habari hizo mbili pamoja, unaona jambo zito zaidi. Kombe la Mazembe lilionyesha kile ambacho nyumba moja yenye nguvu inaweza kufanya ikiamua kuwapa mabinti nafasi. Matokeo ya Julai yalionyesha kwamba nje ya nyumba hiyo bado kuna kazi kubwa. Jambo hilo linatuhusu sana sisi wa mashariki, kwa sababu binti anayeanza kupiga mpira leo Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Kalemie yuko nje ya nyumba hiyo.

Nyumba iliyojengwa tangu 1939

Ili kuelewa ushindi wa wanawake wa Mazembe, lazima kuanza na historia ya klabu yenyewe. Ilianzishwa mwaka wa 1939 na mapadri Wabenediktini, wakati Lubumbashi ilipokuwa bado inaitwa Elisabethville. Ilipitia majina kadhaa kabla ya kufikia jina la leo, na wazee wengi wanaikumbuka kama Englebert, jina la kampuni ya matairi. Chini ya jina hilo wanaume walichukua kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka wa 1967, na mwaka wa 1968 wakalitetea, wakawa klabu ya kwanza barani kufanya hivyo.

Baada ya hapo walingoja miaka 41. Mataji mengine yalikuja 2009 na 2010. Desemba 2010 wakafika fainali ya kombe la dunia la klabu huko Abu Dhabi, mahali ambapo hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika, wakapoteza 3-0 dhidi ya Inter ya Milan. Taji la tano lilikuja 2015. Kisha likafuata Kombe la Shirikisho mara mbili mfululizo, 2016 na 2017.

Tangu hapo wanaume hawajaleta tena kombe la Afrika. Kila msimu mashabiki wa komini ya Kamalondo walivaa nyeusi na nyeupe, wakasubiri, wakarudi nyumbani. Ilipita miaka saba. Kombe la Afrika lililofuata kuingia katika nyumba hiyo lililetwa na wanawake.

Jambo hilo halikusemwa sana wakati wa sherehe, lakini lina uzito. Katika klabu nyingi za nchi yetu, timu ya wanawake inahesabiwa kama mzigo: inakula bajeti, inachukua saa za uwanja, haiuzi tiketi. Lubumbashi hesabu hiyo iligeuka. Wanawake ndio waliorudisha jina la klabu katika orodha ya mabingwa wa Afrika.

Kutolewa mapema 2022, ubingwa 2024

Ushindi huo ulipita katika njia ngumu. Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake ilianza 2021. Kila nchi inatoa bingwa wake, mabingwa wanakutana katika mchujo wa kanda, na timu nane tu ndizo zinazofika katika mashindano ya mwisho. Congo iko katika kanda ya UNIFFAC pamoja na Cameroon, Gabon, Guinea ya Ikweta na nchi nyingine za Afrika ya Kati.

Mwaka wa 2021 nafasi ya kanda hiyo ilikwenda kwa Malabo Kings ya Guinea ya Ikweta. Mwaka wa 2022 Mazembe iliipata, ikaenda Morocco, ikatolewa katika hatua ya makundi. Mwaka wa 2023 haikufika kabisa: kanda iliwakilishwa na Huracanes, tena ya Guinea ya Ikweta. Kwa hiyo timu iliyokwenda Morocco mwaka wa 2024 ilikuwa imekwisha kuonja kutolewa mapema, na imekwisha kuonja kubaki nyumbani.

Wengi waliitazamia Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, ambayo ilikuwa imecheza fainali zote tatu za kwanza na kushinda mbili. Sundowns ilitolewa katika makundi. Mazembe iliendelea. Katika nusu fainali iliwaondoa Edo Queens ya Nigeria, na katika fainali ikakutana na AS FAR, mabingwa wa 2022, wanaocheza nyumbani, katika nchi iliyowekeza fedha nyingi katika kabumbu ya wanawake. Bao moja lilitosha, na ulinzi ulisimama hadi filimbi ya mwisho.

Kwenye benchi la Mazembe alikuwa mwanamke Mmoroko, kocha Lamia Boumehdi. Alikuja kushinda katika nchi yake akiongoza wageni. Mwezi uliofuata, katika sherehe za tuzo za CAF huko Marrakech, alitangazwa kocha bora wa mwaka katika kabumbu ya wanawake, na TP Mazembe ikatangazwa klabu bora ya wanawake. Januari 2025 mshambuliaji Merveille Kanjinga aliondoka Lubumbashi kwenda Paris Saint-Germain. Katika wiki chache klabu ilikuwa imepata kombe, tuzo mbili na mchezaji aliyenunuliwa na mojawapo ya klabu kubwa za Ulaya.

Sababu gani walishinda?

Tukitazama orodha ya mabingwa tangu 2021 hadi 2024, tunaona kitu kimoja: Sundowns, AS FAR, Sundowns tena, kisha Mazembe. Klabu zote tatu zilikwisha kuchukua kombe la Afrika la wanaume kabla ya wanawake wao kuchukua lao. AS FAR ilifanya hivyo 1985, Sundowns 2016, Mazembe mara tano.

Hiyo si ajali. Timu ya wanawake inayozaliwa ndani ya klabu kubwa inakuta vitu vingi tayari: uwanja, daktari, mtu wa kushughulikia pasipoti na visa, gari, chakula, mahali pa kulala kabla ya mechi, na ofisi inayojua namna ya kusafirisha watu 30 kwenda nchi ya mbali bila kuchelewa. Mazembe ina uwanja wake mwenyewe huko Kamalondo tangu 2011. Binti anayefanya mazoezi kila siku kwenye uwanja mzuri anajifunza haraka kuliko yule anayepewa nusu ya uwanja saa moja kabla ya giza kuingia. Hakuna siri nyingine.

Kanuni za CAF nazo zilisukuma. Leo klabu ya wanaume inayotaka kucheza mashindano ya Afrika inadaiwa kuwa na timu ya wanawake. Kwa klabu nyingi kanuni hiyo inatimizwa kwa karatasi: majina yanaandikwa, jezi zinanunuliwa, picha inapigwa, basi. Mazembe ilikwenda mbali zaidi, ikaleta kocha mwenye ujuzi na kuitendea timu hiyo kama ekipe ya kweli.

Kuna pia swali la fedha. Bingwa wa wanawake wa 2024 alipewa zawadi ya dola 600.000 za Marekani, baada ya CAF kuipandisha kutoka dola 400.000. Bingwa wa wanaume wa 2024 alipata dola milioni 4. Tofauti ilikuwa zaidi ya mara sita. Hata hivyo dola 600.000 ni kitu kikubwa kwa kabumbu ya wanawake katika nchi yetu, ambamo timu nyingi zinaishi kwa michango ya kocha, ya wazazi na ya marafiki. Lakini fedha hizo zinakwenda kwa klabu iliyoshinda, ambayo tayari ina uwezo. Timu ya binti wa Kadutu ao wa Katindo haioni hata senti.

Klabu moja haitoshi kuunda timu ya taifa

Hapa tunarudi kwenye Julai 2025. Namna gani nchi yenye klabu bingwa ya Afrika inaweza kupoteza mechi zote tatu?

Jibu la kwanza ni kwamba klabu na timu ya taifa ni mambo mawili tofauti. Klabu inahitaji wachezaji ishirini na kitu wanaoishi pamoja, wanaofanya mazoezi pamoja mwaka mzima chini ya kocha mmoja. Katika mashindano ya mwisho ya Afrika bingwa anacheza mechi tano tu. Kikosi kilichoandaliwa vizuri kinaweza kushinda mechi tano. Timu ya taifa inakusanywa kwa siku chache kutoka sehemu mbalimbali, kwa hiyo nguvu yake inategemea idadi ya wachezaji wazuri walioko nchini, na idadi ya mechi ngumu walizocheza katika mwaka.

Tutazame nchi mbili zilizotoa mabingwa wengine. Morocco ilianzisha ligi ya kulipwa ya wanawake mwaka wa 2020, yenye madaraja mawili, na shirikisho lao likazipa klabu fedha za kulipa wachezaji. Matokeo: AS FAR bingwa wa Afrika 2022, SC Casablanca katika fainali ya 2023, na timu ya taifa ikafika fainali ya Kombe la Afrika mara mbili mfululizo, pamoja na hatua ya 16 bora katika Kombe la Dunia 2023. Afrika Kusini ilianzisha ligi ya taifa ya wanawake 2019. Sundowns ikachukua kombe la klabu 2021 na 2023, na timu ya taifa ikawa bingwa wa Afrika 2022. Katika nchi hizo mbili klabu na taifa zilipanda pamoja, kwa sababu chini yake kulikuwa na ligi.

Kwetu klabu ilipanda peke yake. Kwa muda mrefu ubingwa wa wanawake wa Congo umechezwa kama mashindano mafupi: washindi wa majimbo wanakusanywa mahali pamoja, wanacheza siku chache, bingwa anapatikana, kila mmoja anarudi kwao. Mchezaji aliye nje ya klabu chache za Lubumbashi na Kinshasa anaweza kumaliza mwaka na mechi za ushindani zinazohesabika kwa vidole. Mazoezi yanasaidia, lakini mchezaji anakomaa katika mechi. Binti aliyekutana na wapinzani wagumu mara tano kwa mwaka hawezi kusimama mbele ya Mmoroko anayefanya hivyo kila wiki.

Historia inaonyesha kwamba vipaji havijakosekana. Mwaka wa 1998 timu ya taifa ya wanawake ilichukua nafasi ya tatu barani Afrika. Wachezaji wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa. Kisha Congo ilionekana tena katika Kombe la Afrika mwaka wa 2006 na 2012, halafu ikakosekana hadi Julai 2025. Kizazi kimoja chote kilikua bila kuona jezi ya taifa ya wanawake katika mashindano makubwa. Kufika Morocco kulikuwa hatua. Kupoteza mechi tatu kulikuwa bei ya miaka hiyo yote ya kutokuwepo.

Kuna jambo la kuongeza. Mwaka wa 2023 shirikisho letu la mpira, FECOFA, liliwekwa na FIFA chini ya kamati ya muda. Kamati kama hiyo inapewa kazi ya kusafisha sheria na kuandaa uchaguzi. Ni vigumu kuitazamia ipange ligi ya wanawake ya miaka kumi.

Na sisi wa mashariki?

Mkaaji yeyote wa Goma ao Bukavu anajua kwamba mabinti wanacheza mpira hapa. Wanacheza kwenye viwanja vya masomo, kwenye ardhi ngumu ya mawe ya volkano, nyuma ya makanisa, na wanaobahatika wanacheza kwenye Stade de l'Unité ao Stade de la Concorde. Ligi za majimbo, LIFNOKI kwa Kivu ya Kaskazini na LIFSKI kwa Kivu ya Kusini, zimejulikana kwa miaka mingi. Na mpira wenyewe unapendwa: jina la Dauphin Noir, la Virunga ao la Bukavu Dawa bado linagombanisha watu kwenye ligablo.

Lakini njia ya binti ni nyembamba kuliko ya kaka yake. Kwanza, uwanja: wavulana wakija, wasichana wanaondoka. Pili, nyumbani: kuna wazazi wanaoona kwamba binti mwenye kaptula hatapata mume, ao kwamba saa za mazoezi ni saa za kuchota maji na kupika. Tatu, umri: mvulana wa miaka 16 ana timu za vijana, ana macho ya makocha, msichana wa miaka 16 mara nyingi ndipo anapoacha. Nne, masomo: malipo yakipungua nyumbani, mpira ndio kitu cha kwanza kukatwa, hata kama ulikuwa ndio unaomfanya apende kwenda masomoni.

Juu ya hayo yote ikaja vita. M23 iliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa wakati huo. Maelfu ya familia zilihama, wengine mara ya pili ao ya tatu. Timu iliyokuwa na wasichana 20 mwezi wa Desemba haikuwa na hakika ya kupata 11 mwezi wa Machi. Hata kama binti wa Goma ana kipaji cha kutosha, leo safari ya kwenda kujaribiwa Lubumbashi imekuwa ndefu, ghali na ya hatari.

Tazama wakati gani hayo yametokea. Kanjinga alisaini Paris mwezi ule ule wa Januari ambao Goma ilibadilisha utawala. Picha zake zilizunguka kwenye simu za wasichana waliokuwa wamelala kwa jirani, ao kanisani, ao ng'ambo ya mpaka. Kwa mara ya kwanza binti wa Congo aliweza kuona kwa macho kwamba mpira unaweza kumtoa Lubumbashi na kumfikisha kwenye uwanja mkubwa wa Ulaya. Na kwa wengi wa mashariki, njia ya kufika hata Lubumbashi ikafungwa wiki hizo hizo.

Majirani zetu wa Afrika ya Mashariki wako katika kanda nyingine ya mpira, ile ya CECAFA. Tangu 2021 hadi 2024 kanda hiyo iliwakilishwa na Vihiga Queens ya Kenya, Simba Queens na JKT Queens za Tanzania, na CBE ya Ethiopia. Mwaka wa 2022 Simba Queens ilifika nusu fainali, ikamaliza ya nne, mwaka ambao Mazembe ilitolewa katika makundi. Tanzania haikuwa na historia kubwa kuliko yetu. Ilikuwa na ligi ya wanawake inayochezwa kila msimu, na klabu zaidi ya moja zenye uwezo wa kuwa bingwa. Mazembe imewapita kwa kombe. Kwa msingi wa ligi, bado wao wako mbele yetu.

Nguvu ya mtu mmoja

Kuna upande mwingine ambao mashabiki hawapendi kuusikia. TP Mazembe inaongozwa na Moïse Katumbi tangu 1997. Aliyekuwa gavana wa Katanga kutoka 2007 hadi 2015 ndiye pia mwanasiasa wa upinzani aliyetangazwa wa pili katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2023. Kwa miaka mingi klabu imetegemea mfuko wake na uamuzi wake.

Hilo limeifaa klabu. Bila hilo huenda tusingekuwa tunazungumza juu ya kombe lolote. Lakini klabu inayosimama juu ya mtu mmoja inaweza kuyumba pamoja naye, kwa sababu ya siasa, ya biashara ao ya umri tu. Na timu ya wanawake, ambayo bado inakula zaidi ya inavyoingiza, ndiyo inayoguswa kwanza fedha zikipungua. Hatuna sababu ya kusema kwamba hilo linatokea. Tunasema tu kwamba kabumbu ya wanawake ya nchi yenye mamilioni ya watu haiwezi kuwekwa yote kwenye bega la mtu mmoja, hata akiwa na mapenzi mema.

Wengine wanajibu kwamba ni afadhali klabu moja yenye nguvu kuliko klabu kumi dhaifu, na kwamba mfano wa Mazembe utawaamsha wengine. Hoja hiyo ina ukweli. Wazazi waliokuwa wakikataza wameanza kuuliza. Klabu nyingine kubwa haziwezi tena kusema kwamba wanawake hawaleti kitu. Lakini mfano peke yake hautoshi. Mazembe ya wanaume ilikuwa mfano wa Afrika nzima mwaka wa 2010, ikacheza fainali ya dunia, na miaka kumi na tano baadaye ligi yetu ya wanaume bado inasimama na kuanza, inasimama na kuanza.

Kitu gani kifanyike?

Hatua zinazohitajika zinajulikana. Ya kwanza ni ligi ya taifa ya wanawake yenye kalenda inayotangazwa kabla ya msimu na kuheshimiwa, hata kama inaanza kwa kanda ili kupunguza safari. Kwa timu za mashariki kanda ndiyo njia pekee inayowezekana wakati huu.

Ya pili ni timu za wasichana wa chini ya miaka 17 na 20. Kanuni ya CAF inayodai timu ya wanawake inaweza kusimamiwa hapa nchini kwa ukali zaidi: FECOFA inaweza kuzidai klabu za ligi ya taifa zionyeshe wasichana wanaocheza mechi kweli, wala si orodha ya majina.

Ya tatu ni kuwafuata wachezaji mahali walipo. Wasichana wa Kivu na Ituri waliohama wametawanyika Beni, Kisangani, Kalemie, Kinshasa, hata Bujumbura na Kampala. Kama hakuna mtu anayeandika majina yao na kuwarudisha kwenye timu, kizazi hicho kitapotea kimya kimya, na mwaka wa 2030 tutauliza tena kwa nini timu ya taifa haina wachezaji kutoka mashariki.

Ya nne ni masomo. Uwanja ulio karibu kabisa na binti wa miaka 10 ni ule wa masomo yake. Mpira wa wasichana ukipangwa kati ya masomo, mzazi anakuwa na wasiwasi mdogo, mwalimu anakuwa shahidi, na binti hahitaji kuchagua kati ya daftari na mpira.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji dola milioni 4. Baadhi zinahitaji karatasi, filimbi, mpira na mtu wa kusimamia.

Mazembe wamefanya sehemu yao. Walitoka Lubumbashi, mji unaozungumza Kiswahili kama sisi, wakaenda kuwashinda wenye nguvu nyumbani kwao, na mwanamke akiwa kocha. Nchi nzima ilifurahi usiku ule, na mashariki pia ilifurahi, licha ya yote. Sasa FECOFA, serikali za majimbo na klabu nyingine wanadaiwa jibu ambalo kombe haliwezi kutoa: msimu ujao, binti wa Goma mwenye miaka 13 atacheza mechi ngapi, na dhidi ya nani?